Aliyeosha Mawe ya Kwao

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida yake. Nilimsikia akiburuta kandambili mpaka jikoni, akafungua dirisha, kisha kimya. Nilijua amesimama pale. Alipotosheka ndipo akawasha jiko.

Tulikunywa chai. Mkate ulikuwa wa jana, akaukausha kidogo kwenye kikaango. Akanisema kwa ajili ya bawaba ya mlango wa choo, ambayo nilimwahidi kuitengeneza tangu mvua zilizopita. Nikamwambia fundi hafokewi kabla ya chai kushuka. Akasema basi ataita fundi mwingine, mwenye meno yote. Tukacheka.

Chai iliyobaki niliitia kwenye chupa niende nayo kibaruani. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Umefunga vizuri?" Nikasema nimefunga. Akaja mwenyewe, akakikaza kifuniko, akanirudishia chupa. Nikaondoka.

Mchana jirani yetu alinifuata kule nilikokuwa napiga plasta. Akaniambia mama ameanguka jikoni, mkono mmoja haunyanyuki. Niliacha chupa yangu palepale ukutani. Hakuweza kusema tena neno likaeleweka. Wiki haikwisha, akanitoka.

Watu waliokuja kunipa pole walisema alikuwa mama mwema. Ni kweli, lakini mama wema ni wengi. Mimi nataka kusema alikuwa nani.

Alizaliwa kule juu, kwenye uwanda ule ambao ukiwa hapa mjini, hewa ikiwa safi, unauona kama mstari wa kahawia chini ya mawingu. Ni pakavu. Mvua ya kule hupita kama mgeni aliyekosea nyumba. Zamani palikuwa na kaya kadhaa na kisima kimoja. Kisima kilipokauka watu wakaanza kushuka, leo huyu, kesho yule. Mama yake alikataa kushuka. Alisema ataondoka kisima kikimwambia mwenyewe. Akafia pale, akazikwa nyuma ya nyumba, chini ya jiwe jeupe bapa ambalo alikuwa akianikia nguo.

Mke wangu alishuka akiwa msichana, akafanya kazi za ndani. Nilimkuta kwenye nyumba moja, mimi najenga ukuta wa uani, yeye anafua. Siku nzima hakunisemesha. Jioni akaja, akasimama nyuma yangu, akasema ukuta wangu umelala kushoto. Nikamwambia afue nguo zake. Usiku sikupata usingizi. Kulipokucha nikauangalia, kweli umelala, kamba ilikuwa imelegea. Nikaubomoa, nikamtafuta.

Shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye, ukubwani, nikiwa tayari na watoto. Nilipokosea hakucheka. Alicheka nilipopatia.

Kila kiangazi alipanda kule juu. Alifagia kaburi la mama yake, akakaa, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nilipomuuliza huwa anakaa akifanya nini, alisema anakaa tu. Na kila aliporudi aliniambia neno lilelile, kwamba akifa nimpeleke kwa mama. Nilikuwa nasema sawa. Nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, nikajua nitatangulia mimi na mzigo huo utakuwa wa wanangu.

Sasa, nyuma ya hospitali kubwa ya hapa mjini palikuwa na kijumba cha kuta nene, hakina dirisha, mlango wa chuma una alama ya njano. Humo ziliwekwa taka zenye mionzi. Hospitali ina mashine za kuunguza saratani, na viwanda vina vyombo vya kupimia vitu kwa mionzi hiyohiyo. Vikichakaa, kile kilichomo ndani hakichakai. Huwezi kukichoma, huwezi kukitupa. Kinaendelea kuunguza bila moto, mpaka wajukuu wa wajukuu. Kijumba kilikuwa kimejaa na paa limeanza kuchoka. Niliitwa kuziba ukuta wa nje. Msimamizi akaniambia nifanye haraka na nisiegemee. Niliporudi nikamsimulia mke wangu hayo maneno ya kutoegemea. Tangu siku ile wajukuu zetu walizungushwa njia ya mbali kwenda shule, maana ya karibu ilipita ubavuni mwa kile kijumba.

Kwa hiyo wakubwa wakaamua kutafuta mahali pa kujenga ghala la kudumu, chini ya ardhi. Redioni walieleza panavyotakiwa pawe. Pasiwe na watu. Ardhi isiwe ya kutetemeka. Maji ya chini yawe mbali sana, na mwamba uwe mzima, usiwe na nyufa, kwa sababu penye ufa maji hupita, na maji yakipita hubeba. Walizunguka nchi nzima, wakachuja, wakabakiza mahali pawili. Pa kwanza ni bondeni, karibu na barabara kuu, chini kidogo ya mashamba ya watu. Pa pili ni ule uwanda.

Mke wangu alizima redio. Akaniambia, "Wanasema hakai mtu. Mama naye hakai?"

Wataalamu wakakodi bohari la zamani la pamba, mtaa wa nyuma ya kwetu. Mitambo ilichoronga ardhi kule kote kuwili, ikatoa mwamba kama vipande virefu vya mviringo, unene wa mchi. Vipande vililetwa bohari kwa lori. Mimi nilipata kazi ya kujenga nguzo za kupangia masanduku. Mke wangu na wanawake wengine wa mtaa wakapata kazi ya kuosha mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unalichukua jiwe, unaliosha tope kwa maji na brashi ya kufulia, unalipanga kwenye sanduku la mbao lenye vigawanyo, kwa mfuatano uleule lilivyotoka ardhini, la juu likitangulia. Jiwe likizidi urefu wa sanduku unalivunja kwa nyundo. Hapo ndipo penye kazi. Ukishalivunja, unapaka msalaba wa rangi nyekundu pande zote mbili za mvunjiko, ili mtaalamu ajue huu ni wa nyundo, si ufa wa ardhi. Usipopaka, atauhesabu kama ufa.

Mtaalamu mkuu alikuwa binti mdogo tu, mwenye miwani mikubwa. Wanawake walimwita Miwani, naye akaitika. Alikuwa na adabu. Aliwaamkia wote, na alichuchumaa chini pamoja nao kuwaonyesha. Mke wangu akapewa kopo la rangi na brashi ndogo, kwa sababu mkono wake ulitulia. Wakambandika jina la Mama Mawe.

Walianza na mawe ya bondeni. Yalitoka vipandevipande, na katikati ya nyufa mna utope wa manjano, mbichi. Alifurahi waziwazi, maana yale ya mwamba mzima redioni hayakumwingia, alikuwa akimwaza mama yake. Alidhani wanataka lililo laini, rahisi kuchimba. Nilipomfafanulia jioni, alikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi.

Kisha yakaja ya kwao.

Nilikuwa juu ya ngazi. Niliona analishika la kwanza, analimwagia maji, anasimamisha mkono. Jiwe lile likilowa lilitoa harufu. Aliniambia baadaye ni harufu ya mvua ya kule, ile inayonyesha mara moja mtu akaikumbuka mpaka mwaka ujao. Akaliweka shavuni. Mwenzake akamuuliza, "Mama Mawe, hilo jiwe au mchumba?" Akajibu kwamba mchumba angekuwa mzito hivi angemwacha njiani. Wakacheka wote. Mimi nilimwona mgongo, haukucheka.

Tangu hapo tulikuwa na salamu yetu ya jioni. Namuuliza, leo je? Ananijibu, "Zima." Kesho yake tena, zima. Aliosha kila jiwe akiombea lipasuke. Nilijua kwa jinsi alivyoliinua kwenye mwanga, akiligeuza kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Mawe yalitoka mazima, ya kijivu, marefu kama mkono wa mtu, hayana hata mkwaruzo. Ghala likijengwa kule, uzio utapigwa, na hakuna atakayeingia tena, awe hai au maiti.

Shemeji yangu, mdogo wake, ni kinyozi. Domo lake ni kali kuliko wembe wake. Siku moja tulikwenda kwake wote wawili, mimi kunyolewa, dada yake kumpelekea shati lililotiwa kiraka. Ananinyoa huku anaongea na dada yake kwenye kioo. Alisema mama yao hatazungushiwa uzio pamoja na takataka za watu maadam yeye yuko hai. Halafu akashusha sauti.

"Dada, nyundo unayo wewe na rangi unayo wewe. Ukivunja usipake, nani atajua?"

 Dada yake alilitazama lile shati, akang'ata uzi uliobaki kwenye kiraka, akautema. Tukarudi nyumbani. Sikumshauri kitu. Mama alikuwa wake na mikono ilikuwa yake.

Siku yenyewe nilikuwepo, napiga plasta nguzo ya mwisho. Alivunja jiwe, akalipanga. Akavunja jingine, akalipanga. Kopo la rangi lilikuwa mguuni pake, limefunikwa. Lilibaki limefunikwa. Nikasahau mkono na mwiko wangu, plasta ikaniangukia kwenye kiatu. Alimaliza sanduku zima hivyo, akasogea pembeni, akajifuta mikono kwa khanga.

Miwani akaja na kalamu yake. Akachuchumaa, akaanza kuhesabu kwa kugusa kila mvunjiko kwa kidole. Uso wake ukabadilika, akaita mwenzake aje aone. Alisema hapa mwamba umeanza kuharibika, na kama ndivyo, huenda uwanda wote ukaachwa. Alishaanza kuandika.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na pipa la maji. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo.

"Futa," akasema. "Hizo nimevunja mimi."

Miwani akainua kichwa. "Umesahau kupaka, mama?"

"Sijasahau."

 Miwani akauliza kwa nini basi. Mke wangu akasema hapo ni kwao, na mama yake yuko juu ya jiwe hilo.

Binti yule alivua miwani, akaifuta kwa ovaroli, ikazidi kuchafuka. Akasema, "Ungenyamaza, mama, nisingejua."

"Najua usingejua."

Mke wangu akafungua kopo, akapiga magoti, akapaka misalaba yote, mmoja mmoja, pande zote mbili.

Hakufukuzwa. Waliyarudia pamoja masanduku yote ya kwao, sanduku kwa sanduku, na hayo mengine hayakuwa na kasoro. Kisha Miwani akamhamishia kwenye mawe ya bondeni, kwa upole, akisema mtu hapewi mzani kupimia cha nyumbani kwake. Njiani kurudi nilimuuliza kilichomfungua kinywa.  Akasema ule utope wa manjano aliouosha ulikuwa mbichi kama wa jana, na kule bondeni watu wanachota maji. Basi. Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote, na mimi sikulichokonoa.

Shemeji alimnunia dada yake, na mimi akanijumlisha. Nikafuga nywele mpaka watoto wa mtaa wakaniuliza nimeokoka au nimefilisika.

Ulipofika mkutano wa kutangaza, tulikaa nyuma. Bwana mkubwa alisema uwanda ndio umechaguliwa. Watu wa bondeni wakapiga makofi, nani angewalaumu. Mke wangu hakulia. Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja.

Baadaye Miwani alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Alisema ghala lenyewe halitaligusa kaburi, lakini kaburi litakuwa ndani ya uzio. Wako tayari kumhamisha mama kwa heshima zote, aletwe makaburi ya mjini, ili mwanawe aweze kumtembelea na siku moja alale karibu naye. Shemeji, ambaye alikuja siku hiyo bila kutusalimia, akasema ndiyo upesi. Mimi pia nilitaka. Niliona mlango umefunguka.

Mke wangu akaomba siku ya kufikiri. Akaenda peke yake makaburi ya mjini. Mvua zilikuwa zimenyesha. Alirudi viatu vimeshiba tope, akasema kule chini maji yamesimama, na makaburi ya mwaka jana yameshaanza kuzama. Mama yake alikataa kushuka akiwa na akili zake timamu. Hatamshusha sasa asipoweza kukataa, halafu amlaze kwenye maji. Shemeji akamwambia, kwa hiyo umechagua kutolala naye. Akasema ndiyo. Mwanamume mtu mzima yule akalia kama mtoto. Dada yake akamshika kichwa, akamwambia nywele zake mwenyewe zinataka kinyozi. Hapo wakapatana.

Tulipanda kufagia mara ya mwisho, wote watatu. Alifagia polepole kuliko siku zote, mpaka na pale pasipohitaji. Hakuchukua udongo wala chochote.

Kazi ya bohari ilipokwisha, Miwani alimpa kipande kifupi cha jiwe la kwao, cha mwisho, ambacho hakikuhitajika tena. Kilikuwa na msalaba mwekundu ubavuni. Alikizungusha nyumbani, akakiweka kabatini, akakiweka chini ya kitanda, hakikupata mahali. Mimi nikachukua nyundo na patasi. Nikatoboa ukuta wa jikoni upande unaotazama kule juu, nikatia fremu, nikatia kioo. Hakuniuliza nafanya nini. Dirisha lilipokamilika akalifungua, upepo ukalipiga likajifunga. Akaenda kuchukua lile jiwe, akalizuia nalo.

Hapo ndipo alipokuwa akisimama kila asubuhi. Siku zenye ukungu pia alisimama. Nilimwambia mbona hakuna kitu kinachoonekana. Akasema kipo.

Alipofariki nilikwenda ofisini kwa wakubwa. Nilivaa koti. Nilijua jibu, lakini nilimwahidi, na mtu hawezi kulala na ahadi bila hata kuipeleka mahali. Waliniingiza kwa Miwani. Sasa ni mtu mzima, mvi zimeanza. Alinikalisha, yeye akabaki amesimama muda wote niliokuwa naongea. Akasema hapawezi kuchimbwa tena chochote ndani ya ule uzio, hata kwa mwiko, hata kwa ajili ya Mama Mawe. Nikamwambia asiumie, nilikuja kuuliza tu. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Basi nikaenda makaburini na sururu yangu, mimi na shemeji. Msimamizi alinionyesha mahali, nikachimba kidogo, nikakuta udongo unashikana mkononi. Nikakataa. Akanionyesha pengine, nikakataa. Akanung'unika kwamba mzee huyu anachagua kama anajenga ghorofa. Mwisho nikapata kule juu kabisa, karibu na ukuta, penye changarawe, sururu inatoa cheche. Maji yakija yataanzia kwa wengine. Kutoka pale, ukisimama juu ya jiwe, ule mstari wa kahawia unaonekana. Ukikaa hauonekani. Mimi husimama.

Bawaba ya choo niliitengeneza siku ya pili baada ya mazishi. Mlango haulii tena, na nyumba imekuwa kimya mno. Asubuhi nafungua dirisha, nalizuia kwa jiwe, nasimama. Sijui yeye aliona nini. Mimi namwona yeye.

Kuna siku moja sijaisema. Ghala lilipokuwa limeshafanya kazi miaka kadhaa, walinipa kibarua cha kukarabati kibanda cha walinzi kule juu. Aliponisikia akavaa viatu, akapanda lori la saruji pamoja nami. Tulipofika hakunisaidia hata kubeba ndoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, akashika waya kwa vidole. Jiwe jeupe halikuonekana, liko nyuma ya kilima kidogo cha kifusi. Alitembea akiufuata uzio, anagusa kila nguzo, anaitikisa kidogo, anasonga mbele. Lango la chuma akalisukuma kwa kiganja kuona kama linacheza. Halikucheza.

Mlinzi, kijana wa umri wa wajukuu zetu, akatoka mbio akifunga vifungo vya shati. Alipoona ni mtu mzima akapunguza mwendo. Nilikuwa karibu, mwiko mkononi, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hapa haparuhusiwi. Unatafuta nini?"

Hakuuachia waya. Alimtazama kijana, kisha akatazama ndani, kule kwenye kifusi.

"Marahaba, mwanangu. Sitafuti kitu. Nimekuja kuangalia kama mmefunga vizuri."